Kelele na Kimya katika Motokaa Ndogo

Historia ya motokaa imeandikwa mara nyingi kwa jicho na mara chache kwa sikio. Waandishi wameeleza maumbo, rangi, nguvu za injini na mwendo. Lakini sauti iliyosikiwa na mtu aliyeketi ndani yake aghalabu imeachwa bila ya kutajwa, kana kwamba abiria wa zamani walikuwa viziwi. Walakini sauti hiyo ni sehemu ya historia. Inaeleza chombo kilitengenezwa kwa ajili ya nani, kwa gharama gani, na ni taabu zipi zilizodhaniwa kuwa wajibu wa mnunuzi kuzivumilia. Mwenye kulinganisha kelele za ndani ya motokaa ndogo za zamani na za sasa hulinganisha pia madaraja ya watu na thamani ya raha yao.

Kwa muda mrefu kimya kilikuwa mali ya tajiri. Katika mwaka 1958 David Ogilvy, bingwa wa matangazo ya biashara huko New York, aliandika tangazo la Rolls-Royce lililopata sifa kubwa duniani. Alidai kuwa gari hilo likienda maili 60 kwa saa, sauti kubwa kuliko zote ndani yake ni ya saa ya umeme. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 26 Agosti 1959, Uingereza ilionyeshwa motokaa ya namna nyingine, nayo ni Mini. Hakuna aliyethubutu kusema neno kama hilo juu ya Mini. Ndani yake mtu hangeweza kuisikia saa ya umeme hata kama ingetundikwa sikioni. Magari hayo mawili yalizaliwa katika nchi moja na katika zama moja, lakini moja liliuza kimya na la pili liliuza safari. Ilieleweka kuwa mtu wa kipato kidogo atanunua safari, na kimya atakikuta akifika nyumbani.

Kabla ya kuendelea yafaa kueleza jinsi kelele inavyopimwa, maana ulinganisho usio na kipimo ni soga. Kipimo chake ni desibeli, na desibeli haziongezeki kama pishi za mchele. Desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti huwa imekuwa mara mbili. Zikiongezeka 10, nguvu huwa imekuwa mara kumi, ingawa sikio la mwanadamu huona kuwa sauti imekua mara mbili tu. Kwa hiyo mtu akiambiwa kuwa gari moja lina desibeli 80 na jingine 70, asidhani kuwa tofauti ni ndogo: la kwanza linampiga masikio kwa nguvu mara kumi, na kwa hisia zake ni maradufu ya la pili. Mazungumzo ya kawaida baina ya watu wawili walioketi karibu huwa kiasi cha desibeli 60 hadi 65. Penye desibeli 80 hapana mazungumzo. Pana kupigiana makelele.

Kelele ya garini ina asili nne: injini, gia, matairi na upepo. Nazo hufika sikioni kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni hewa, ambapo sauti hupenya katika matundu na mianya. Njia ya pili ni chuma chenyewe: injini hutetema, mtetemo hupita katika vifungo vyake hadi kwenye bodi, na bodi hugeuka ngoma. Njia hii ya pili ndiyo iliyozitesa motokaa ndogo. Chukua chumba cha gari chenye urefu wa meta mbili. Sauti husafiri kiasi cha meta 340 kwa sekunde, basi hewa iliyofungwa chumbani humo ina wimbi lake la asili, kiasi cha mitetemo 85 kwa sekunde. Injini ya silinda nne huwasha mara mbili katika kila mzunguko. Ikizunguka mara 2,550 kwa dakika hutoa mitetemo 85 kwa sekunde ile ile. Injini na chumba vikikutana hapo huitikiana, na abiria husikia mvumo mzito unaobana kichwa. Wahenga waliposema kuwa debe tupu haliachi kuvuma, walisema pia fizikia ya motokaa ndogo iliyotengenezwa kwa bati jepesi lisilo na tandiko.

Baada ya kufahamu hayo, zitazamwe motokaa zenyewe. Citroën 2CV ilionyeshwa Paris katika Oktoba 1948. Pierre Boulanger, mkuu wa kampuni, aliikusudia kwa mkulima wa Ufaransa aliyekuwa akienda sokoni kwa farasi na gari la magurudumu mawili. Injini yake ilikuwa na silinda mbili zenye ujazo wa sentimeta 375 tu, nguvu ya farasi 9, na ilipozwa kwa hewa. Mwendo wake wa mwisho ulikuwa kiasi cha kilometa 65 kwa saa. Paa lilikuwa turubai, milango bati jembamba, viti kitambaa kilichowambwa juu ya vyuma vya duara. Hapakuwa na kitu cha kumeza sauti isipokuwa nguo za abiria. Hata hivyo gari hilo lilikuwa na rehema mbili. Kwanza, springi zake laini zilimeza mashimo, hata kishindo cha njia mbaya kilipungua. Pili, turubai halivumi kama bati: liliruhusu sauti kutoka nje, na ule mvumo mzito haukupata mahali pa kujenga nyumba. Abiria wake walisikia mtutumo wa injini na upepo, lakini hawakukaa ndani ya ngoma.

Fiat 500, iliyotolewa na Dante Giacosa huko Italia katika Julai 1957, ilifuata njia iliyo karibu na hiyo. Ilikuwa na silinda mbili, sentimeta 479 za ujazo, urefu usiofika meta tatu, na paa la turubai. Injini ilikaa nyuma, karibu na migongo ya watoto walioketi kiti cha nyuma, nao ndio waliolipa kodi ya kelele kwa ajili ya wazee wao waliokaa mbele.

Volkswagen, ile yenye mgongo wa kobe iliyobuniwa na Ferdinand Porsche, ilikuwa na tabia yake. Injini ya silinda nne zilizolala pande mbili, zikitazamana mbili kwa mbili, ilisawazika vizuri, na mtetemo wake ulikuwa mdogo kuliko wa wenzake. Lakini ilipozwa kwa hewa, na hapo ndipo penye siri ya kelele yake. Injini inayopozwa kwa maji huvaa joho la maji, na joho hilo humeza sehemu ya sauti. Injini ya hewa haina joho. Ina mapezi membamba ya chuma yanayolia, na feni kubwa isiyopumzika. Aidha joto la kumfaa dereva wa Ulaya wakati wa baridi lilichukuliwa kutoka kwenye injini na kupitishwa katika mifereji hadi chumbani, na mifereji ipitishayo joto hupitisha sauti pia. Kwa upande mwingine bodi ilifungwa barabara, hata ikasemwa kuwa mlango haufungiki vyema mpaka kioo kiteremshwe kidogo ili hewa itoke. Bodi ya namna hiyo huzuia upepo, na huzuia vumbi. Hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya sifa zake katika Afrika ya Mashariki, ambako barabara nyingi za miaka ya 1950 zilikuwa za udongo na changarawe, na ambako injini isiyo na maji haikuweza kuchemka mlimani. Ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, na tena mwaka 1962. Katika njia kama zile, kokoto zilizopiga chini ya gari zilitoa kelele kuliko injini yoyote, wala hapakuwa na mtu aliyeuliza habari za kimya.

Mini ya Alec Issigonis ndiyo yenye mafunzo mengi kuliko zote. Ilizaliwa kwa dhiki ya mafuta iliyofuata vita vya Suez vya mwaka 1956, na shabaha yake ilikuwa kuweka watu wanne katika urefu wa meta 3 na sentimeta 5. Ili kuipata nafasi hiyo injini ililazwa kwa upana, na gia zikawekwa chini yake, katika bakuli moja la oili. Ulikuwa werevu mkubwa, na motokaa ndogo karibu zote zilizofuata zililaza injini kwa upana. Lakini nguvu ilibidi ishuke kutoka injini hadi kwenye gia kwa magurudumu ya meno, na meno hayo yalitoa mlio mwembamba ambao kila aliyepanda Mini aliutambua. Springi zilikuwa za mpira mgumu, magurudumu yalikuwa ya inchi 10 tu, na kila shimo lilitoa taarifa kamili. Milango ya kwanza haikuwa na mitambo ya kuteremsha vioo. Vioo vilisukumwa kwa kuteleza, na uwazi uliobaki mlangoni ukafanywa mfuko. Ulikuwa mfuko mzuri wa kutilia vitu, lakini bati tupu halina ulinzi dhidi ya sauti. Motokaa nyingi za namna hii, zikienda karibu na upeo wa mwendo wake, zilifika desibeli 80 na kupita. Ni kiwango hicho hicho cha desibeli 80, kikihesabiwa kwa siku nzima ya kazi, ambacho sheria ya Ulaya ya mwaka 2003 imekiweka kuwa mwanzo wa wajibu wa mwajiri kumpa mfanyakazi kinga ya masikio. Fundi wa kiwanda amepata sheria. Dereva wa Mini alipata mlio.

Katika miaka ya 1970 mambo yaligeuka. Volkswagen wenyewe, waliokuwa wametajirika kwa injini ya hewa, walitoa Golf mwaka 1974: injini mbele, imelazwa kwa upana, inapozwa kwa maji. Joho la maji likawa kawaida ya motokaa ndogo. Injini ikafungwa kwa mipira laini ili mtetemo ufie njiani kabla ya kufika kwenye bodi. Sakafu zikapakwa lami nzito, juu yake zikatandikwa sufi na mazulia. Milango ikapata kingo za mpira. Gia ya tano ikaongezwa, na injini ikaacha kupiga kelele za bure katika safari ndefu. Mini nayo haikuachwa: kuanzia mwaka 1976 fremu iliyobeba injini yake ilifungwa kwa mipira ili kupunguza kelele. Hata hivyo mlio wa meno ulidumu, na gari hilo lilitengenezwa mpaka mwaka 2000 likiwa na sauti ambayo wapenzi wake waliiita utu na wengine waliiita adha.

Yafaa kutofautisha hapa baina ya kelele ya nje na kelele ya ndani. Ile ya nje ilitiishwa na serikali. Jumuiya ya Ulaya iliweka mwaka 1970 kwamba motokaa ya abiria isizidi desibeli 82. Kikomo kikateremshwa hadi 80, kisha 77, kisha 74, na kwa kanuni ya mwaka 2014, iliyobadili pia namna ya kupima, kikateremshwa kwa awamu kuelekea 68. Lakini kelele ya ndani haikuwekewa kikomo cha namna hiyo. Mwaka 1980 ilitolewa kanuni ya kimataifa ya jinsi ya kuipima, si ya kiasi gani kisipitwe. Wapita njia walilindwa na sheria. Abiria aliachiwa soko. Kwa hiyo kimya cha ndani kilikuja pale mnunuzi alipokidai na mshindani alipokitoa, na kilichelewa pale mnunuzi alipokuwa maskini.

Je, kimekuja kweli? Motokaa ndogo ya siku hizi, katika lami nzuri na kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa, aghalabu huwa karibu na desibeli 70. Ikilinganishwa na zile za 80, sikio la abiria limepunguziwa nusu ya mzigo. Toyota Vitz, iliyotoka Japani mwaka 1999 na baadaye kujaa katika barabara za Dar es Salaam na Nairobi kama gari lililokwisha tumika, ingehesabiwa tulivu mno na dereva wa mwaka 1960. Mtu huweza kunong'ona na jirani yake, kusikiliza habari za redio, na kumwitikia mzee aliyeketi nyuma bila ya kupaza sauti. Hili la mwisho si dogo. Katika adabu za Waswahili kumpigia mzee makelele ni utovu wa heshima, nayo motokaa ya zamani ilimlazimisha kijana kukosa adabu au kunyamaza. Na dereva wa teksi anayeketi garini tangu alfajiri hadi usiku hutoka na kichwa kilicho chepesi zaidi. Kwake yeye desibeli kumi si anasa, ni afya.

Lakini mwanahistoria hana ruhusa ya kuishia kwenye sifa. Kimya hiki kina hesabu tatu zinazodaiwa.

Hesabu ya kwanza ni mwendo. Kelele ya upepo hukua upesi kuliko mwendo wenyewe: mwendo ukiwa maradufu, upepo huongeza kiasi cha desibeli 18. Citroën ya mwaka 1948 katika kilometa 65 kwa saa haikuujua upepo huo. Motokaa ya sasa inayokwenda kilometa 130 inaujua. Sehemu kubwa ya kazi ya mafundi imetumika si kumpa abiria kimya zaidi, bali kumruhusu aende upesi zaidi kwa kelele ile ile. Kimya kilichopatikana kimetumika kununua mwendo. Anayelinganisha magari mawili kwa mwendo mmoja husema kweli, lakini kweli nusu. Maana watu hawaendi tena mwendo wa zamani.

Hesabu ya pili ni uzito. Lami, sufi, vioo vinene na mipira havikosi kilo. Fiat 500 ya mwaka 1957 ilikuwa na uzito wa kiasi cha kilo 500. Ile iliyorithi jina lake mwaka 2007 inakaribia kilo 900. Si uzito wote huo uliongezwa kwa ajili ya masikio, maana usalama umechukua sehemu kubwa, lakini masikio yamechukua yao. Uzito hula mafuta. Kwa hiyo katika magari ya bei nafuu kabisa watengenezaji wameanza kupunguza matandiko na kutumia injini za silinda tatu, ambazo ni nyepesi na zina mtetemo wake zenyewe. Matairi nayo yamepanuka: Mini ilikwenda kwa tairi la upana wa sentimeta 13 hivi, na motokaa ndogo za leo hutumia sentimeta 17 hadi 20. Tairi pana hushika njia vizuri na hulia zaidi, hasa penye lami ya kokoto. Ndiyo maana wako wanaonunua gari jipya dogo na kulalamika kuwa lina kelele. Hawasemi uongo. Injini imenyamaza, na kilichokuwa kimefichwa nyuma yake kimesikika.

Hesabu ya tatu ni ya akili. Kelele ilikuwa mwalimu mkali, lakini ilikuwa mwalimu. Dereva wa zamani alijua kwa sikio kuwa beringi inakufa, kuwa tairi limepoteza upepo, kuwa mwendo umezidi. Watu walioondolewa sauti hukadiria mwendo wao kuwa mdogo kuliko ulivyo, na makosa ya namna hiyo hulipwa barabarani kwa damu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hawakuwa wakisema habari za motokaa, lakini onyo lao linafaa.

Pana jambo jingine linaloonyesha upungufu wa tarakimu. Kipimo kinachotumiwa sana, kilichotokana na uchunguzi wa Fletcher na Munson wa mwaka 1933 juu ya usikivu wa mwanadamu, hupunguza thamani ya sauti nzito kwa sababu sikio halizisikii sana. Lakini mvumo mzito, hata usiposikika sana, huchosha mwili. Magari mawili yenye desibeli 70 huweza kuwa tofauti kabisa kwa aliyemo ndani. Kiswahili hakikuwahi kudanganyika kwa tarakimu moja. Kina mngurumo wa injini, mlio wa gia, mvumo wa upepo, kishindo cha shimo na mtetemo wa usukani, na kila neno lina adha yake. Yamkini mafundi wa sauti, wanaotafuta vipimo vipya vya kueleza ubaya wa sauti pamoja na ukubwa wake, wanarudi mahali ambapo lugha za watu zilikuwapo zamani.

Motokaa za umeme zimelifikisha shauri hili mwisho wake. Hazina mlipuko wa mafuta, na katika mwendo mdogo karibu hazina sauti. Ndani yake tairi na upepo vimebaki peke yao, na hata mlio mdogo wa plastiki iliyolegea husikika. Nje yake kimya kimekuwa hatari, hasa kwa kipofu avukaye njia. Na tangu Julai 2019 sheria ya Ulaya imeamuru kwamba magari ya umeme ya namna mpya yatoe sauti ya kutengenezwa yakienda polepole. Sheria zilizotumia nusu karne kuyanyamazisha magari sasa zinayaamuru yaseme.

Hukumu basi iwe ya haki kwa pande zote mbili. Wale wanaosifu kelele za motokaa za zamani kuwa ni uhai wa chombo wasisahau kuwa aghalabu wao huziendesha kwa kupenda, siku ya mapumziko, ilhali waliozinunua zamani walizivumilia kila siku kwa kukosa jingine. Na wale wanaosifu kimya cha sasa kuwa ni maendeleo matupu wasisahau kuwa sehemu yake imekwisha kutumiwa kwa mwendo, na sehemu imelipiwa kwa mafuta. Lakini katika mizani yote pana kitu ambacho hakikuwapo mwaka 1958: mtu wa kipato kidogo, katika gari dogo, huweza kusema na mwenzake kwa sauti ya chini na kusikiwa. Haki hiyo ilikuwa ya wenye Rolls-Royce. Imeshuka kwa wengi bila ya sheria kuiamuru na bila ya tangazo kuisifu, nayo yastahili kuandikwa katika historia pamoja na nguvu za farasi.